Maana ya Kuuguza



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, napenda kueleza maana ya kuuguza. Wengi hudhani ni kutoa dawa tu. Lakini wataalamu wameijenga elimu hiyo juu ya maneno manne: mtu, afya, mazingira, na uuguzi wenyewe. Mtu hutangulia, wala si ugonjwa wake. Afya ni uzima wa mwili pamoja na utulivu wa moyo. Mazingira ni hewa, maji, usafi, na watu wamzungukao mgonjwa. Ama uuguzi, Bibi Virginia Henderson wa Marekani alieleza kuwa ni kumsaidia mtu kwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe lau angalikuwa na nguvu, nia na maarifa.

Kwetu jambo hili si geni. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipojeruhiwa aliuguzwa hemani mwa Bibi Rufaida.

Basi na tujipime. Mgonjwa wa Dzaleka huenda akapelekwa Lilongwe, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Katika hospitali za Malawi, mara nyingi jamaa ndio wamwogeshao mgonjwa, wamlishao na wamfuliao nguo. Je, aliyekimbia vita peke yake, naye hajui Kichewa, atamweleza nani maumivu yake? Dawa ataipata, lakini mtu wa kukaa naye hana.

Yatupasa tupeane zamu ya kukaa na mgonjwa kama huyo, awe Mwislamu au asiwe; na binti zetu watakao kusomea uuguzi tusiwazuie.