Mafuta Katika Chakula cha Sato

Msikilizaji unayefuga sato, iwe kwenye vizimba vya Ziwa Victoria au bwawani nyuma ya nyumba, leo tuzungumzie mafuta yaliyomo katika chakula unachowapa.

Samoni wa Norwei hawezi kustawi bila omega-3. Sato ni mwingine kabisa: mwili wake unadai zaidi omega-6, nayo imejaa kwenye alizeti na soya. Kumnunulia mafuta ghali ya samaki mara nyingi ni kujitwisha gharama bure, ingawa mlaji anayetafuta omega-3 mezani atakuwa na neno lake.

Mafuta ya kiasi humpa samaki nguvu, protini ikabaki kujenga nyama. Yakizidi, hujilundika tumboni na kwenye ini. Mpasue mmoja utazame: ini lenye afya lina wekundu wa kahawia. Likiwa limepauka na kuwa la manjano, huenda chakula kina mafuta mengi mno.

Balaa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mafuta yaliyochacha. Pumba za mpunga, na mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo, hubaki na mafuta mengi. Kwenye stoo yenye joto huharibika upesi. Mafuta hayo huangamiza vitamini E, huumiza ini na misuli, na samaki hudumaa huku anakula. Nunua kidogo kidogo, weka magunia juu ya mbao, pakavu na kivulini. Ukinusa ukapata harufu kali kama ya rangi ya mafuta, usiwape, hata kama gunia bado limejaa.