Jirani Anayelimbikiza Vitu: Mzigo Wake na Wajibu Wetu

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogondogo)



Nimeombwa niseme juu ya mtu anayelimbikiza vitu nyumbani hata akakosa mahali pa kulala, asiweze kuvitupa. Sisi humpa majina upesi: bahili, mchafu, karogwa. Majina hayo ni dhuluma, na ndiyo maana jambo hili ni la haki na amani.

Hali hii ni maradhi. Shirika la Afya Duniani limeyaweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mgonjwa huona kuwa gazeti kuukuu au kopo tupu litafaa kesho, au lina kumbukumbu ya marehemu wake. Kulitupa humtia uchungu wa kweli. Mara nyingi dalili huanza ujanani na kuzidi uzeeni. Tusimchanganye na maskini anayekusanya makopo ili ayauze, wala na yule tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 12, aliyejivunia maghala yake. Wengi wa wagonjwa hawa hawajivuni, huona aibu.

Mjini New York, mtaa wa Harlem, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walijifungia nyumbani mwao kwa miaka mingi. Homer alikuwa kipofu, na Langley alimwekea magazeti ili ayasome siku atakapoona tena. Watoto wa mtaa waliyapiga mawe madirisha yao. Machi 1947 polisi walimkuta Homer amekufa, hali amedhoofika kwa njaa. Langley alipatikana wiki mbili na zaidi baadaye, mita chache tu kutoka hapo, ameangukiwa na shehena aliyoitega mwenyewe dhidi ya wezi. Zaidi ya tani 100 za vitu zilitolewa humo.

Madhara hayaishii kwa mgonjwa. Moto ukizuka, mlango umezibwa. Panya huingia kwa majirani. Watoto wa nyumba hiyo huona haya kuwakaribisha wenzao.

Nami nina la kuungama. Zamani niliwaongoza vijana wetu kusafisha nyumba ya mama mmoja mjane, naye yu hospitalini. Tulichoma kila kitu, tukaimba, tukadhani tumetenda huruma. Aliporudi hakutugombeza. Alifunga mlango, asije tena jumuiyani. Mwaka haukuisha, nyumba ikajaa upya. Tulisafisha chumba, tukamwacha mgonjwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumtembelee bila kutaja vitu vyake, hata atuamini. Pili, tusitoe kitu pasipo ridhaa yake. Tuanze na njia ya kutokea na mahali pa moto, kwa kuwa hapo pana hatari ya uhai. Tatu, tumsindikize kwa mganga wa magonjwa ya akili, maana mazungumzo ya tiba, yenye subira na mazoezi ya kuachilia kidogo kidogo, huwasaidia wengi. Nne, kama mna watoto au wagonjwa hatarini, tuwaarifu wahusika wa ustawi wa jamii mapema.

Maswali ya kujadiliana jumuiyani:
1. Ni nani kati yetu ambaye hatujaingia kwake siku nyingi, na kwa nini?
2. Je, tumepata kumsaidia mtu kwa namna iliyomvunjia heshima? Tutamwombaje radhi?