Korongo ni Msaidizi wa Mkulima

(Maelezo kwa wanakisomo wa Izia, Sumbawanga)



Leo tuzungumze habari za ndege. Wengine watauliza: ndege wana faida gani kwetu? Mkulima anamjua ndege kwa hasara. Kwelea kwelea akila ulezi, basi ndege wote tunawaita waharibifu. Lakini sivyo. Tumwangalie korongo mweupe.

Korongo ni ndege mkubwa. Mdomo na miguu yake ni myekundu, na mabawa yake yana weusi. Hufika Afrika yetu wakati wa mvua, kama mwezi wa Novemba. Mwezi wa Machi hivi huanza kurudi Ulaya kuzaa. Safari hiyo ni ya maelfu ya kilomita.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua anakokwenda. Wengine walidhani ndege hujificha chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822 korongo mmoja alipatikana Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Kumbe alitoka huku kwetu! Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha ndege pete nyepesi zenye namba. Hadi leo wataalamu wanatumia pete za namna hiyo.

Je, korongo anafuata nini huku? Anafuata chakula. Anakula panzi, viwavi jeshi na nzige.

Sisi wa Ufipa tunalijua Bonde la Rukwa lililo chini yetu. Ni moja ya mazalio makubwa ya nzige wekundu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige hao walienea nchi nyingi, hata Afrika ya Kusini. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kupambana nao, makao yake Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, Zambia. Mtaalamu wake mmoja, Desmond Vesey-FitzGerald, alichunguza ndege wanaokula nzige.

Kundi la nzige likiwa kubwa mno, ndege hawawezi kulimaliza. Lakini nzige wakiwa bado wachache, ndege huwapunguza. Basi anayemuua korongo anamsaidia nzige.

Mwaka 2009 nzige wekundu walizidi tena Katavi na katika mbuga za Rukwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuwapulizia dawa ya kuvu. Kuvu huyo huua nzige, lakini hadhuru ndege. Dawa nyingine ni sumu kali. Ndege akila mdudu mwenye sumu, naye hudhurika.

Sasa tufanye nini?

1. Tuwakanye watoto wasiwapige korongo kwa manati. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali.

2. Dawa ikipulizwa, tusiokote ndege waliokufa kuwa kitoweo. Sumu ile ile itaingia tumboni mwetu.

3. Tukiona ndege amekufa na ana pete, tusimshike kwa mikono mitupu. Tuandike namba na maneno yote yaliyo kwenye pete, tarehe, na mahali alipoonekana. Tupeleke karatasi hiyo kwa afisa wanyamapori.

4. Tukiona nzige wengi, tumwambie afisa ugani siku hiyo hiyo. Tusingoje mpaka waote mabawa.

Ndugu zetu, zamani pete ya ndege ingekuwa pambo la mtoto tu. Leo tunaweza kuisoma. Namba moja ikiandikwa sawasawa hapa Izia, mtu wa mbali atajua korongo wake alifika wapi. Kalamu tunayo. Tuitumie.

Maswali ya kuzungumza:
Ni ndege gani wanaokula wadudu katika mashamba yetu?
Nani kijijini ataandika siku korongo wanapofika na siku wanapoondoka?