Nguvu kwa Vijana wa Judo na Karate

Maneno haya yalisemwa kwanza kwa kinywa. Sasa tumeyaandika ili yule ambaye hakufika asome, na yule aliyesinzia asome tena.

Kuko ulizo moja tunalopata kila mara: «Munganga, ninunue dawa gani ili nipate nguvu?» Juu ya dawa tutajibu kisha, maana ile iko habari ya hatari. Kwanza tusikilizane juu ya nguvu yenyewe, inatoka wapi.

Misuli yako inafanana na mutu wa kazi ambaye hafanyi zaidi ya ile anayoombwa. Ukiiomba kila siku kazi ile ile nyepesi, itabaki vile ilivyo. Ukiiomba kazi inayopita kidogo ile iliyozoea, inachoka, kisha wakati unapolala na kula mwili unaijenga tena, na unaijenga nguvu zaidi kuliko mbele. Angalia vizuri: haijengwe wakati unapotoka jasho, inajengwa wakati unapopumzika. Katika majuma ya kwanza utaona nguvu inaongezeka mbio, lakini mukono haujanenepa. Ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli yote pamoja. Na kano, ni kusema kamba zinazofunga misuli kwa mifupa, zenyewe zinaendelea polepole kuliko misuli. Kwa hiyo kijana anayeongeza uzito kila siku anajisikia simba juma la tatu, na juma la tano analia na bega.

Tena nguvu ya kupigana si nguvu ya pigo moja tu. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, wakati Muhammad Ali alipopigana na George Foreman. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Foreman alikuwa amewaangusha Frazier na Norton, kila mumoja katika raundi ya pili, na watu wengi walimuogopea Ali. Ali akaegemea kamba, akajikinga, akamuacha mwenzake apige na apige. Kufika raundi ya nane mikono ya Foreman ilikuwa imekuwa mizito, na ni yeye alianguka. Nguvu alikuwa nayo nyingi. Pumzi ndiyo ilimwishia. Basi kukimbia mulimani na kuruka kamba musiviache, hata kama munapenda uzito.

Sasa wengine wanasema: «Sisi hatuna sali yenye vyuma kama Wazungu.» Lakini karate haikuzaliwa katika sali ya vyuma. Ilitokea Okinawa, kisiwa cha Japani, na watu wa kule walijitengenezea vyombo vyao. Chombo kimoja kinaitwa chi-ishi: ni fimbo fupi ya muti, na jiwe limefungwa upande mumoja. Unashika upande mwingine na kuzungusha polepole. Jiwe la kilo tatu tu linaweza kushinda mutu mukubwa, kwa sababu liko mbali na mukono. Jaribu kushika jembe kwenye mwisho wa mupini na kulinyoosha mbele yako, utaelewa mara moja. Chombo kingine ni nigiri-game, mitungi miwili ya udongo inayoshikwa mudomoni kwa vidole tu, na mutu anatembea nayo. Siku zinapopita wanaongeza muchanga ndani, kidogo kidogo. Kweli, ni nani katika muji wetu anakosa mutungi na muchanga?

Sisi tuna kitu kizuri kupita mutungi, ni bidoni. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Bidoni ya litre 5 ni kilo 5, ile ya litre 20 ni kilo 20, na katikati unapima kwa chupa. Hauna lazima ya kununua mizani. Neno moja: bidoni ya maji isiyojaa inatikisika na kukuvuta huku na huku. Kwa anayeanza, muchanga mukavu ni mwema zaidi. Litre moja ya muchanga inakaribia kilo moja na nusu.

Anza kwa kupasha mwili moto, dakika kumi, ukikimbia polepole na kuzungusha mabega na viuno. Kisha shika bidoni mbele ya kifua, uikumbatie kama mutoto. Miguu iachane sawa na mabega. Chuchumaa polepole, kisigino kisiondoke chini, mugongo unyooke, magoti yafuate upande wa vidole vya miguu. Panda. Mara nane, pumzika dakika mbili, na mara nane tena, mpaka zamu tatu. Siku utakapofika mara kumi na mbili katika zamu zote tatu bila kupinda mugongo, ongeza litre moja ao mbili, urudi kwa mara nane. Hii ndiyo kazi tunayoipenda kupita zote kwa mutu wa judo. Wakati unapomubeba mwenzako juu ya kiuno, anayebeba ni miguu. Wale wanaokuja hospitali wakishika kiuno, wengi walijaribu kumwinua mutu kwa mugongo uliopinda.

Kwa kushika, tupa kimono ya zamani juu ya tawi ao juu ya chuma chenye nguvu (ujaribu tawi kwanza, tafazali). Shika pande zote mbili, ninginia. Sekunde kumi zinatosha kwa mwanzo. Ukizoea, jivute juu mpaka kidevu kifike kwenye mikono. Asiyeweza aache miguu chini, alale nyuma kama mutu anayevuta kamba, na ajivute kifua kifike kwenye mikono. Vidole vitawaka. Ni vema, judo yote inaanzia pale.

Pompe munazijua, lakini wengi wanazipiga vibaya, tumbo linaanguka kama mukeka uliolowa. Mwili uwe ubao mumoja toka kichwa mpaka kisigino. Pompe nane safi zinapita arobaini za udanganyifu. Zikikuwa rahisi, panda miguu juu ya jiwe. Kwa tumbo, usihesabu mia za kuinuka na kulala. Jishikize juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili wima, sekunde 20, kisha 30, kisha zaidi.

Shingo: weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa, mukono ukatae, sekunde tano. Nyuma vilevile, na pande mbili. Inatosha. Ile ya kupinda daraja juu ya kichwa, na mwenzako amekaa juu ya tumbo lako ili watu wapige makofi, hatuitaki kwa anayeanza. Mufupa wa shingo ukivunjika, hakuna munganga atakayerudisha miguu.

Unapoinua ao kusukuma, toa pumzi. Kuifunga ndani kunapandisha tansio ya damu kwa nguvu, na mwenye tansio asifanye kazi nzito bila kuonana na munganga.

Mara ngapi kwa juma? Mbili ao tatu, na kati ya siku moja na nyingine uache siku ya kupumzika. Lakini hapa wengi wanahesabu vibaya. Yule aliyelima tangu asubuhi, ao aliyeshusha mulima na gunia la makala, miguu na mugongo wake vimekwisha kufanya kazi. Siku ile asiiite siku ya mapumziko. Afanye mikono tu, ao alale. Na kila juma la nne punguza nusu ya mara na ya zamu, hata kama unajisikia vizuri. Watoto nao wanaweza kufanya mazoezi haya kwa uzito wa mwili wao na mbele ya mwalimu; maneno ya kwamba yatawazuia kukua si ya kweli. Tunachokataza ni kushindana nani atainua kizito zaidi.

Tuseme juu ya chakula. Bukari ya muhogo inajaza tumbo na inatoa moto wa kazi, lakini kujenga misuli haijengi karibu kitu: gramu 100 za unga wa muhogo zina gramu moja ao mbili tu za protini. Maharagi makavu, gramu 100, yanatoa kama 21. Karanga 25. Samaki ndogo zilizokauka, kama ndagala na sambaza, zinakaribia 60. Mutu anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji kama gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 60 ni gramu 90 kwa siku. Nyama ya ng'ombe si lazima. Sahani kubwa ya maharagi, mukono wa ndagala, karanga asubuhi katika uji, soja kama iko, utafika karibu sana. Na muhogo muchungu uloweshwe siku tatu kamili, maana usioloweshwa vizuri ndio unaoleta konzo, ugonjwa unaokausha miguu ya vijana kwa maisha yote. Ni vibaya kufanya kazi ya miguu miezi sita na kuipoteza kwa sababu ya haraka ya jikoni.

Sasa ile dawa. Sokoni wanauza vidonge vya «kunenepesha». Vingi ni deksametazoni, watu wanaiita deksa. Ni dawa ya kweli, na sisi wenyewe tunaitumia kwa wagonjwa fulani. Kwa mutu mzima inafanya uso uvimbe kwa maji, naye anajiona munene, na kumbe chini ya ngozi misuli ya mapaja inakonda, mifupa inakuwa dhaifu, sukari inapanda katika damu, na mwili unakosa askari wa kupigana na magonjwa. Aliyeimeza miezi mingi asiiache kwa siku moja, anaweza kuanguka na kufa. Aje tuipunguze pamoja. Na shindano za «vitamini» ambazo kijana anapigwa nyuma ya duka, sindano moja kwa watu watano, zinaleta SIDA na homa ya ini ya B. Kwa bei ya shindano moja utakula maharagi siku ngapi? Hesabu wewe mwenyewe.

Wengine hawatafuti kunenepa, wanatafuta kukonda mbele ya mashindano, wapimwe katika kilo za chini. Wanavaa plastiki, wanakimbia juani, hawakunywi maji. Marekani, mwishoni mwa mwaka wa 1997, vijana watatu wa mieleka wa vyuo vikuu walikufa namna hii katika muda wa majuma machache tu, nao walikuwa na walimu na hospitali karibu. Pigana katika kilo zako.

Mwenye homa asifanye mazoezi mpaka apone. Mwenye anemi SS asijilazimishe hata siku moja: jasho nyingi na kiu vinaweza kumuletea mashambulio ya maumivu na hata kifo. Michezo myepesi, maji mengi, na shauri la munganga wake. Aliyepigwa kichwa akapotewa na akili, hata kidogo, atoke kwenye tatami siku ile, asirudi kesho yake.

Na kama kisha ya mazoezi makali mukojo wako unakuwa mweusi kama chai nzito, ao misuli inavimba na kuuma hata hauwezi kunyoosha mukono, usingojee kesho. Kunywa maji na uje siku ile ile. Mwambie muuguzi ulifanya mazoezi gani, mara ngapi, na ulimeza nini. Hata kama ni deksa, useme.