Kwa Nini Wagonjwa Wetu Hukatiza Tiba

(Hotuba kwa wazazi na wazee wa mitaa, Garissa)

Tumeombwa tuseme kwa nini kijana anaanza kutibiwa mihadarati, halafu kabla hajamaliza anarudi mtaani. Jibu tunalosikia kila siku ni, "Hana nia." Sisi tunaowasindikiza hatukubali.

Chukueni tiba ya unga. Hapa Kenya methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Ni dawa ya kunywa inayozuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Lakini mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi na hata miaka. Akikosa siku kadhaa hawezi kurudia kipimo kile kile, maana mwili umepoteza mazoea na kinaweza kumdhuru. Sasa Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Atalala kwa nani muda wote huo, akila nini?

Hata safari yenyewe ni kazi. Ukivuka daraja la Tana polisi wanataka kitambulisho, na vijana wetu wengi walichelewa kukipata kwa ajili ya ule usaili wa ziada ambao Rais alitangaza kuuondoa Februari 2025. Mmoja tulimtafutia nafasi tukaipata, akateremshwa pale pale kizuizini. Jioni alikuwa ameshavuta.

Aliyetufundisha zaidi ni kijana wa mkokoteni wa maji. Tulimpeleka kituo cha kulala huko pwani. Alivumilia wiki ya kwanza ya kutapika na kukosa usingizi, ambayo sisi tulidhani ndiyo ngumu. Wiki ya tano mama yake akaenda kumchukua. Tulimsema sana, jamani. Mama akatujibu, "Mwenye punda anatafuta mtu mwingine. Wadogo zake wale nini?" Tukanyamaza. Kwenye fomu tulikuwa tumeuliza mengi, tukasahau kuuliza nyumbani kutaliwa nini asipokuwepo. Siku hizi hilo ndilo swali letu la kwanza.

Kuna na miraa. Ni biashara halali, na akina mama wengi hapa wanalisha watoto kwa kuiuza, kwa hiyo hatukuja kuwagombeza. Ila aliyeacha unga akirudi kukaa maskani ile ile bila kazi, usingizi unapotea, anatafuta tembe, na hapo anaanza upya. Mjue pia kwamba aliyeacha kisha akarudia yuko hatarini kuliko mwanzo: kipimo chake cha zamani kinaweza kumwua. Mkimwona amerudi, msimfungie mlango. Tuiteni upesi.

Kijana wa mkokoteni amekubali kwenda tena. Mjomba wake atashika punda mpaka arudi, ila mapato watagawana, kwa hiyo nyumba itapungukiwa chakula kwa miezi mitatu. Mwenye mchele au mahindi amwone mama mwenyekiti kabla hatujatawanyika. Yuko pale mlangoni na daftari.