Beti nne za takwimu

Leo nazungumzia takwimu, lakini tafadhali usizime redio. Nimekuja nazo kwa utenzi.

Wapo wanaodhani kwamba ushairi na hesabu ni paka na panya. Si kweli. Mtunzi wa Kiswahili ni mtu wa kuhesabu: mizani 8 katika kila kipande cha utenzi, 16 katika mshororo wa shairi. Ukizidisha mmoja tu, wajuzi wa vina watakurudisha darasani. Na tangu karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akiyatia mambo mazito ya mji wake katika beti fupi, watu wakaondoka nazo kichwani. Mhadhara husahaulika, ubeti hukaa. Kwa hiyo nimechukua makosa manne ya takwimu, kila moja nikalitungia ubeti wake.

La kwanza ni la wastani. Watu watatu wanakula kwa mama ntilie, kila mmoja ana shilingi 2,000 mfukoni. Anaingia bwana mmoja mwenye shilingi 994,000. Jumlisha, gawanya kwa wanne: wastani wao ni shilingi 250,000. Kesho utasikia kwamba wateja wa pale wametajirika! Lakini wapange kwa safu kuanzia mwenye kidogo, uwatazame wawili wa katikati. Bado wana shilingi 2,000 kila mmoja.

Tajiri kafika kwetu,
Kaketi nasi watatu,
Yapanda hesabu yetu,
Njaa haikuondoka.

La pili ni la kuuliza watu wachache ili kujua mawazo ya wengi. Jambo lenyewe si baya. Mpishi hahitaji kunywa sufuria nzima ya mchuzi ili ajue chumvi. Kijiko kimoja kinatosha, mradi amekoroga. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa amechukua majimbo 46 kati ya 48. Kulikoni? Majina mengi yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Wasio na simu wala gari hawakufikiwa vya kutosha, na wengi waliofikiwa hawakujibu. Wakati huo huo George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini kwa kuchagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa. Kijiko kikubwa hakisaidii kama chungu hakijakorogwa.

Kwanza koroga chunguni,
Mwiko ufike na chini,
Chumvi ikiwa pembeni,
Ulimi utapotoka.

La tatu, mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Wahenga walikwisha sema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Kosa hili limeua watu. Katika karne ya 19 mjini London, wengi walishika kwamba kipindupindu huletwa na harufu mbaya, kwa kuwa palipokuwa na uvundo ndipo palipokuwa na vifo. Daktari John Snow hakuridhika. Mwaka 1854 alifuatilia nyumba zilizopata maji kutoka kampuni mbili tofauti, mara nyingi nyumba za mtaa mmoja, zenye hewa ile ile. Kampuni moja ilichota maji ya mto Thames mahali palipochafuliwa na taka za mji, nyingine ilichota juu zaidi. Akakuta vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, na 37 kwa zile za pili. Harufu ilikuwa jogoo tu. Muuaji alikuwa ndani ya kikombe.

Jogoo katamba sana:
"Mimi naleta mchana!"
Kachinjwa usiku jana,
Leo jua limewaka.

La nne nililiona kwa macho yangu, barazani kwa jirani. Kijana mmoja alibisha hodi akiwa na karatasi zake za maswali. Akamwuliza mama mwenye nyumba, mumewe akiwa pale pale anasoma gazeti: "Nani huamua matumizi ya fedha hapa nyumbani?" Mama akajibu, "Twaamua wote wawili, mwanangu." Kijana akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mzee alipotoka kwenda msikitini, yule mama akacheka kidogo, akasema, "Sasa ningejibu nini, na mwenyewe amekaa pale?"

Uliulizwa na nani,
Mbele ya nani nyumbani?
Jibu latoka kinywani,
Moyoni halikutoka.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba takwimu ni uongo. La hasha! Ni takwimu hizo hizo zilizomwonyesha Snow ukweli. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi kidogo ya milioni 12. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Bila hesabu kama hizo, utajuaje madarasa mangapi yajengwe, au zahanati ipelekewe dawa kiasi gani? Na hesabu ikikosewa, anayelipa si aliyeshika kalamu. Ni mtoto anayeketi sakafuni na mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha.

Basi ukisoma gazetini kwamba asilimia kadhaa ya wananchi wanataka hiki au wanakula kile, usikubali upesi, wala usikatae upesi. Uliza maswali manne. Huo wastani ni wa nani? Chungu kilikorogwa? Huyu si jogoo tu? Na aliyejibu, alikuwa amekaa na nani?

Ubeti wa tano nakuachia wewe. Kina cha mwisho ni "ka", mizani ni 8 kwa kila kipande, na usituchakachulie hesabu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.