Kuni Kidogo, Moshi Kidogo

Leo tuzungumzie jiko.

Kutunza miti na hewa yetu huanzia jikoni. Maharagwe na mahindi ya githeri, yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya na ufunike sufuria. Yataiva upesi, na kuni zitabaki za kesho. Tumia kuni zilizokauka. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Fungua dirisha na mlango, na usimbebe mtoto mgongoni unapopika.

Je, wewe huwasha jiko kwa plastiki? Acha, mama. Moshi wake una sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017, lakini chupa na nailoni bado tunazichoma. Washa kwa magunzi makavu ya mahindi.

Moshi huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje kuche.